Nyama ya Kusaga Iliyobaki: Usiongeze Maji, Ongeza Chakula

Leo nazungumza na nyote mlio Naitiri, Ndalu, Tongaren na Mbakalo, na nyinyi wa Kiminini mpaka Kitale mjini. Wa Kamukuywa na Kimilili pia nazungumza nanyi; najua saa hizi maji ya ugali yako karibu kubandikwa. Kina baba, msizime redio. Mazungumzo ya leo yanawahusu, na nitawaambia kwa nini.

Naanza na swali. Jumapili ulikuwa na wageni. Ukanunua nyama ya kusaga, ukaiunga ikaungika: vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, hoho, bizari kidogo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nanyi mkapona kweli. Wageni wakala, wakashiba, wakaaga. Sasa ni Jumatatu jioni. Kuna bakuli moja la nyama ile, na nyumbani mko sita. Unafanyaje?

Najua wengi mtafanyaje, kwa sababu ndivyo tunavyofanya karibu sote. Unaongeza maji. Unakatia nyanya mbili, chumvi tena, unachemsha, na sasa una sufuria nzima ya mchuzi. Mchuzi ni mwingi, lakini nyama iko wapi? Punje moja huku, punje moja kule, na watoto wanaanza kuvua. Anayepakuliwa mwisho anapata maji ya rangi.

Leo nina jambo moja tu la kuwaambia. Mengine yote nitakayosema yanatoka humo. Usiongeze maji. Ongeza chakula. Kama kuna mtu yuko nje anafunga ng'ombe na hakusikia, mwambie: nyama iliyobaki haiongezwi maji, inaongezwa chakula.

Nini maana yake? Hebu fikiria nyama ya vipande. Nyama ya vipande hugawanywa kwa kuhesabu: wewe viwili, yule viwili, baba vitatu. Vikibaki vipande vinne na watu ni sita, hapo kuna kesi. Lakini nani anaweza kuhesabu nyama ya kusaga? Bakuli moja likichanganywa vizuri kwenye kabichi nzima, kila tonge linapata nyama. Haigawanywi, inaenea. Kwa hiyo bakuli la Jumatatu usilitazame kama mboga iliyopungua. Litazame kama kiungo kilichokwisha kupikwa, chenye chumvi yake, mafuta yake na harufu yake, kinachongoja kitu cha kukipa ladha. Kitu hicho kinaweza kuwa kabichi, viazi, maharagwe, ndizi, mayai, wali au chapati. Huku kwetu vitu hivyo havikosi.

Sawa. Kabla hatujafika kwenye sufuria, twende kwanza buchani.

Kuna jambo la nyama ya kusaga ambalo halipo kwenye nyama ya kipande. Kipande cha nyama, uchafu wake uko nje: pale kisu kilipopita, pale mkono uliposhika, pale nzi alipotua. Ukisaga, ule upande wa nje unaingia ndani, unachanganyika kote. Ndiyo maana nyama ya kusaga huharibika upesi kuliko kipande kilichotoka kwenye paja lile lile. Mbichi, hata ikiwa kwenye friji, usiiweke zaidi ya siku moja au mbili. Bila friji, pika siku ile ile.

Kwa hiyo ukifika buchani usinunue nyama iliyosagwa tangu asubuhi ikakaa kwenye sinia. Chagua kipande, tazama muhuri wa mkaguzi kwenye nyama inayoning'inia, kisha uombe isagwe mbele ya macho yako. Muhuri si pambo. Sheria ya Kudhibiti Nyama, Sura ya 356, inataka nyama ikaguliwe kabla haijakufikia. Wala usidanganywe na wekundu peke yake. Mwaka 2019 runinga ya NTV ilionyesha kwamba kulikuwa na wauzaji waliokuwa wakitumia dawa ya kuhifadhi, sodiamu metabisalfaiti, ili nyama ya zamani ionekane ya leo. Nchi nzima ilizungumza habari hiyo. Jicho linadanganyika, pua inadanganyika kwa shida zaidi.

Na kama bucha ya karibu nawe haina mashine? Bucha nyingi za vijijini zina gogo, panga na mzani, basi. Hakuna neno. Nunua mnofu usio na mfupa, nenda nao nyumbani, ukatekate kwa kisu kikali mpaka uwe mdogo sana. Mimi binafsi naona nyama ya kukatwa kwa kisu ni tamu kuliko ya mashine, ila mkono utauma. Hata nyama ya kuchemsha iliyobaki baada ya sherehe unaweza kuitendea hivyo. Mnajua ule mwezi wa Agosti, mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wanapoingia jando, ng'ombe huchinjwa na nyama hubaki kwenye masufuria. Vile vipande vigumu ambavyo kila mtu amevichoka, vitoe mfupa, vikate vidogo, vikaange na kitunguu, na yote nitakayosema leo yatakufaa.

Sasa Jumapili yenyewe. Tunapikaje nyama ambayo tunajua tutaitaka tena Jumatatu?

Weka sufuria motoni, ipate moto kweli. Tandaza nyama, kisha uiache. Usiikoroge kama uji. Nyama ya kusaga ikipata moto hutoa maji mengi. Ukikoroga mapema itachemka katika maji yake, itakuwa ya kijivu. Ngoja maji yaishe. Utasikia mlio ukibadilika: mwanzo unasikia kuchemka, baadaye unasikia kukaanga. Hapo ndipo nyama inageuka kahawia, na ladha inatoka kwenye ule ukahawia. Sasa tia vitunguu vingi, kitunguu saumu na tangawizi, hoho ukipenda, bizari, chumvi. Acha vitunguu viive humo.

Na nyanya je? Hapa nataka tuelewane. Nyanya usitie bado. Kwanza tenga. Chukua kijiko safi na bakuli safi, toa nyama ya Jumatatu ikiwa kavu namna hiyo, uifunike. Ndipo utie nyanya kwenye iliyobaki sufuriani, utie na dhania, umpikie mgeni mchuzi wake. Kwa nini? Nyama kavu inaingia popote: kwenye chapati, ndani ya viazi, kwenye yai. Nyama yenye mchuzi inaingia kwenye sahani tu. Tena nyama uliyoitenga mapema haijaguswa na vijiko vya watu, haijakaa mezani saa tatu watu wakipiga hadithi.

Najua kuna mtu ananiuliza, wewe, kwetu unawezaje kutenga nyama kabla mgeni hajala? Si utaitwa mchoyo? Ndugu yangu, mgeni haingii jikoni. Tenga. Mpe mgeni ashibe, na bakuli lako liko pale limefunikwa, halimdhuru mtu.

Sehemu inayofuata isikilizeni kwa makini. Si tamu, lakini ni ya afya. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Saa mbili tu. Baada ya hapo kiwe kwenye baridi, chini ya nyuzi 5, au kiwe kwenye moto, juu ya nyuzi 60. Hapo katikati ndipo vijidudu vinapozaana. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na vingine huacha sumu ambayo hata ukichemsha haiondoki. Kwa hiyo ile tabia ya kusema, "Aa, nitaichemsha tu itakuwa sawa," si kweli kila wakati. Nyama ikiwa na utelezi, ikinuka uchachu, basi. Usimpe hata mbwa.

Mwenye friji afanyeje? Asiweke sufuria nzima ikiwa ya moto, maana katikati itakaa na joto usiku kucha. Tandaza nyama kwenye chombo kipana, kiweke juu ya beseni la maji baridi ipoe upesi, halafu ifunike uitie ndani. Siku tatu, nne hivi, ni salama, bora stima isipotee. Kwenye friza inakaa miezi miwili au mitatu. Mifuko ya plastiki ya kubebea tuliagana nayo Agosti 2017, kwa hiyo tumia mikebe yenye kifuniko, ile ya siagi au ya aisikirimu, kila mkebe kiasi cha mlo mmoja. Mlo mmoja, mkebe mmoja. Ukipasha moto umepasha. Usirudishe kwenye baridi.

Na asiye na friji? Hao ndio wengi, na siwezi kuzungumza kana kwamba kila jiko la Naitiri lina friji. Wewe fupisha safari. Nyama ya chakula cha mchana ikae motoni, kisha ipikwe upya iwe chakula cha jioni ile ile. Usitake ifike kesho; kuichemsha usiku ukailaza nje hakutoshi, kama nilivyosema. Isilale. Na kama unakaa chumba kimoja pale sokoni, wewe kijana wa bodaboda, nunua robo, usinunue kilo kwa sababu imeshuka bei. Ile nyungu ya udongo ya kupozea, yenye mchanga mbichi, ni nzuri kwa nyanya na mboga, lakini nyama usiiamini humo.

Nitarudia kwa ufupi kwa aliyefungua redio sasa. Tunazungumzia nyama ya kusaga iliyoungwa ikabaki. Isagwe mbele yako, itengwe kavu kabla ya nyanya, isikae nje zaidi ya saa mbili, na ikirudi motoni ipate moto mpaka katikati. Na usiongeze maji. Ongeza?... Naam. Ongeza chakula.

Haya. Sasa tupike.

Nianze na kabichi, maana nadhani hii ndiyo itawafaa wengi, na ndiyo naipenda kuliko zote. Kabichi ya wastani, iliyofunga vizuri, na bakuli lako moja la nyama. Katakata kabichi nyembamba sana, kadiri unavyoweza. Karoti moja, kitunguu kimoja. Weka nyama peke yake kwenye sufuria kwanza, ipate moto mpaka ilie na mafuta yake yatoke. Itoe, iweke kando. Yale mafuta yaliyobaki, yenye bizari na tangawizi ya jana, ndiyo utakayokaangia kitunguu na kabichi. Unaona? Huhitaji kuongeza mafuta, au unaongeza kijiko tu. Moto uwe mkali. Usifunike. Ukifunika kabichi inatoa maji, inalegea, inanuka ile harufu tuliyoijua shuleni. Geuzageuza dakika tano, sita, ikiwa bado ina mlio kidogo kwenye meno, rudisha nyama, changanya, onja.

Onja kwanza, chumvi baadaye. Hili nalo liandikeni. Nyama yako ilishatiwa chumvi jana, pengine ilitiwa pia kiungo cha Royco, ambacho kina chumvi yake. Ukitia chumvi kwa mazoea, utaharibu sufuria nzima. Onja kwanza.

Hiyo kabichi na ugali moto, sita wanakula, na hakuna anayevua. Ugali tunao. Tunaishi katika nchi ya mahindi. Kenya Seed yenyewe ilianzia Kitale mwaka 1956, na mashamba haya ya Tongaren, tangu yalipogawanywa kutoka kwa walowezi wakati wa uhuru, hayajaacha kuzaa. Shida yetu huku haijawahi kuwa ugali. Shida ni cha kulia ugali, na ndiyo maana nimechagua mada hii.

Nimetaja kabichi, na najua swali linalokuja: je, mboga za kienyeji? Kunde, ndiyo, kunde inapokea nyama ya kusaga vizuri, hasa kunde iliyochemshwa ikakauka. Sucha pia, ukiipenda chungu. Lakini murere, hapana. Murere na utelezi wake na munyu wa majivu ni chakula kilichokamilika. Ukitia nyama ya bizari humo umeviharibu vyote viwili. Hilo ni neno langu mwenyewe, na kama bibi yako hupika tofauti, msikilize bibi yako.

Twende kwenye viazi. Viazi vya mlimani, vile vinavyoshuka kutoka Kapsokwony na Kaptama, vina unga, na kwa kazi hii tunataka viazi vyenye unga. Watu wa pwani wana kitu wanaita katlesi. Unachemsha viazi, unaviponda, unatengeneza donge, katikati unatia kijiko cha nyama kavu iliyoungwa, unafunga, unachovya kwenye yai lililopigwa, unakaanga. Ukifika Mombasa jioni ya Ramadhani utaziona kwenye kila sinia, pamoja na sambusa na kachori.

Mbona za wengine hupasuka kwenye mafuta? Sababu ni maji. Viazi vilichemshwa vikalowa, vikapondwa vikiwa bado vina maji. Mwaga maji yote, kisha rudisha sufuria juu ya moto mdogo, itikise, mvuke utoke mpaka viazi vianze kuonekana kama vimepakwa unga. Ponda vikiwa moto. Usitie maziwa. Acha vipoe kabla ya kufunga donge. Kwa viazi kilo moja na bakuli moja la nyama utapata katlesi za kutosha watu sita wakila na kachumbari. Unaona jinsi nyama ilivyo kidogo, kijiko kimoja kila donge? Lakini kila anayeuma anakuta nyama katikati, na mtoto anafurahi kana kwamba amefichiwa kitu.

Sasa kama ni Jumanne, umetoka shambani au umetoka kufundisha, huna nguvu ya kukaanga donge moja moja, fanya hivi. Paka sufuria mafuta. Tandaza nusu ya viazi vilivyopondwa chini, nyama yote katikati, nusu ya pili juu. Piga yai upake juu. Weka juu ya jiko lenye moto mdogo, funika, kisha palia makaa juu ya kifuniko. Dakika ishirini hivi juu panageuka kahawia. Wapwani hupalia mikate yao namna hiyo tangu zamani, hawakungoja oveni. Na Waingereza wana chakula karibu hicho hicho: nyama ya kuoka iliyobaki Jumapili husagwa, hufunikwa kwa viazi vya kuponda, na huliwa siku za kazi. Kwa hiyo usione haya kwamba unakula mabaki.

Mwenye gesi peke yake, hana makaa? Tumia kikaango, moto mdogo, ukigeuza kwa sahani. Upande mmoja ukishika, funika kwa sahani, pindua, telezesha tena. Mara ya kwanza huenda ikavunjika. Itakuwa tamu vile vile.

Maharagwe nayapitia upesi, kwa sababu hayana ugumu. Kama una maharagwe yaliyochemshwa, ya nyayo au rosecoco, tia mabakuli mawili ya maharagwe kwa bakuli moja la nyama. Hapa nyanya inaruhusiwa, na inahitajika. Ponda kiasi kidogo cha maharagwe yawe uji mzito, ndiyo mchuzi wako. Tena tumepata mchuzi bila kuongeza maji ya bomba. Githeri nayo hivyo hivyo. Kwa chapati ni vizuri, kwa wali ni vizuri zaidi.

Lakini wali nao, angalieni. Wali uliolala nje usiku kucha usiufanye wa kukaanga. Hapo ndipo ile sumu niliyoitaja hukaa. Pika wali leo, ule leo, au uuweke kwenye friji mapema.

Jambo jingine kuhusu ladha. Kuna watu husema nyama iliyolala ina harufu ya jana, na wana haki. Mafuta ya nyama yakikutana na hewa, na kwa sababu nyama ina madini ya chuma, hubadilika na kutoa ile harufu nzito. Vitunguu na viungo hupunguza mabadiliko hayo. Ndiyo sababu nyama iliyoungwa hulala vizuri kuliko nyama ya chumvi tupu. Kwa hiyo usiwe mchoyo wa kitunguu Jumapili. Funika bakuli kwa kubana, hewa isiingie. Na siku ya pili ongeza kitu kichachu: nyanya, au matone ya ndimu, au kachumbari pembeni. Dhania iwe mbichi, ya leo. Dhania ya jana imekwisha kazi.

Ndizi za kupika je? Menya, chemsha zikaribie kuiva, punguza maji yote, tia kitunguu na nyanya, nyama iingie mwisho, ukoroge kwa upole. Chakula cha jioni cha nusu saa. Spageti ni rahisi zaidi: kwaruza nyanya mbili na karoti, kaanga mpaka zikauke, tia nyama, changanya na spageti iliyochujwa. Watoto wa siku hizi wakiona spageti hawaulizi nyama ilipikwa lini.

Halafu kuna chapati. Mkivuka Malaba mkaingia Uganda, mnakuta vijana barabarani wanakaanga mayai mawili na kitunguu na nyanya, wanayaviringisha ndani ya chapati, wanaita rolex. Yetu itiwe vijiko viwili vya nyama ya kusaga iliyopata moto kwanza. Nyama ikishapata moto kwenye kikaango ndipo umimine mayai juu, yashike, ufunike na chapati, ugeuze, uviringishe. Mtu mmoja, chapati moja, mayai mawili, vijiko viwili vya nyama. Kijana wa chumba kimoja, hii ndiyo yako. Haihitaji friji, haihitaji sufuria ya pili. Mombasa kuna mkate mayai, ambao ni jamaa wa hii: unga mwembamba, nyama na yai ndani, unakunjwa mraba na kukaangwa. Zanzibar wanauza kitu cha ukoo huo pale Forodhani usiku, na watalii wanapanga foleni.

Mtaniuliza kuhusu sambusa. Lazima mtaniuliza, maana nyama ya kusaga huku kwetu wengi tuliijua kwanza ndani ya sambusa, harusini au kwenye hoteli ya stendi. Sambusa ni nzuri, na ni ya kale. Ibn Battuta, yule msafiri aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipofika Delhi aliikuta mezani kwa sultani: nyama ya kusaga iliyopikwa na lozi, vitunguu na viungo, imefungwa kwenye unga mwembamba, imekaangwa kwa samli. Na mnaona, nyama yake hupikwa kwanza, kwa hiyo bakuli lako la mabaki lingeifaa kabisa. Lakini kusukuma manda, kubandua, kukata, kukunja pembe tatu, kugundisha kwa unga, yote hayo Jumatano saa moja jioni na stima imepotea? Sambusa si chakula cha Jumatano. Weka mkebe mmoja kwenye friza, ngoja Jumamosi, waite watoto wakunje.

Nilisema kina baba wasizime redio. Kuna wazee wanaosema nyama ya kusaga si nyama. Baba mkwe wangu ni mmoja wao. Kwake nyama ni ile unayoitafuna mpaka taya zichoke, na ikiwa haina mfupa ametukanwa. Simbishii, ni mkwe. Lakini kabichi ile niliyoieleza nimemwona akiongezewa mara ya pili bila kuuliza nyama iko wapi. Jambo jingine ni hili: hakuna chakula nilichokitaja leo, ukiacha sambusa, kinachomshinda mwanamume aliyefika nyumbani kabla ya mkewe. Mama akichelewa kwenye chama, au matatu ya kutoka Brigadia ikikawia, kabichi inakatwa na mkono wowote. Bakuli liko pale limefunikwa. Nyama ipate moto kwanza, itolewe, kabichi iingie, moto mkali, usifunike. Onja kwanza, chumvi baadaye.

Muda wetu umekwisha, naona fundi mitambo ananionyesha saa. Kuna msikilizaji alituuliza nyama ya kuku iliyobaki nayo tuifanyeje. Hiyo ina mambo yake, hasa huku kwetu ambako kila kipande cha kuku kina mwenyewe, kwa hiyo tutaipa kipindi chake wiki ijayo, saa kama hizi. Kwa sasa nawaacha na taarifa ya habari.